Wanaona ngozi, macho hawayaoni

Kila anayemwona binti wa dada yangu ananiuliza habari za jua. Majirani wanauliza, walimu wanauliza, mpaka yule mama anayekaanga chipsi pale stendi akimwona tu anapiga kelele "mwanangu kofia iko wapi". Na wala si vibaya, jua kwa mtoto mwenye ualbino ni adui kweli, saratani ya ngozi inaondoka na watu wakiwa bado vijana kabisa na ni kitu kinachozuilika kwa losheni, mikono mirefu na kofia pana. Ila mi huyu mtoto naishi naye hapa Mwanza toka yuko chekechea, mama ake yuko kijijini huko na shule ya kule ni mwendo, na nawaambia ukweli kilichokuwa kinamfelisha darasani hakikuwa jua. Ni macho. Na macho hakuna aliyewahi kuyauliza.

Ngoja nieleze kidogo maana hata mimi nilikaa muda nadhani wenye ualbino "wanaumizwa na mwanga" basi, imeisha. Iko hivi. Melanini sio rangi ya ngozi tu, jicho nalo linaihitaji wakati linajengeka mtoto akiwa bado tumboni. Ikikosekana, ile sehemu ndogo ya katikati kule nyuma ya jicho, ile inayotusaidia kusoma herufi ndogo na kutambua sura ya mtu kwa mbali, haikomai vizuri. Hata mishipa inayotoka kwenye macho kwenda kwenye ubongo inapita tofauti na ya kwetu, ndo maana wengi wanapata shida kukadiria umbali wa kitu, ngazi za saruji zisizo na alama wanazipima kwa mguu kwanza. Alafu ile sehemu ya jicho yenye rangi, ambayo kwetu inazuia mwanga, kwao inapitisha. Na juu ya hapo macho yanachezacheza yenyewe, kushoto kulia kushoto kulia, mtoto wala hajui kama yanacheza maana ndivyo alivyozaliwa.

Sasa miwani. Watu wanadhani ukimpa miwani umemaliza kazi. Miwani inasaidia, inarekebisha ule ukungu unaorekebishika, ila haiwezi kukomaza kitu ambacho hakikukomaa, kwa hiyo mtoto anavaa miwani na bado haoni ubao. Mwalimu anasema huyu si ana miwani? Basi anajifanya. Nimelisikia hili kwa masikio yangu.

Kingine ambacho walimu hawaambiwi: mtoto mwenye macho ya kucheza mara nyingi ana upande mmoja ambao akigeuzia kichwa macho yanatulia kidogo, anaona vizuri zaidi. Binti yangu akitaka kusoma kitu anainamisha kichwa kuelekea bega la kushoto na kukuangalia kwa pembeni, yani kama mtu anayekudharau hivi. Darasa la kwanza mwalimu alikuwa anamshika kichwa anakinyoosha. "Kaa vizuri, acha maringo." Kila akinyooshwa herufi zinaanza kucheza. Na akilaza pua kwenye daftari anaambiwa utaharibu macho, wakati kusoma kwa karibu hakuharibu jicho hata kidogo, kwake yeye karibu ndo njia ya kukuza maandishi, bure, bila kifaa chochote.

Darasa lenyewe nawachorea. Toka elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto walimiminika, jambo zuri sana tu, ila vyumba havikumiminika. Darasa la binti yangu wako mia na ushee, dawati la watatu wanakaa wanne, na walioingia wamechelewa siku ya kwanza wanabaki nyuma mwaka mzima. Madirisha ni makubwa, hayana vioo, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja upande wa kulia. Ubao ni ule wa sementi uliopakwa rangi nyeusi miaka hiyo, sasa hivi umekuwa wa kijivu na katikati unang'aa, chaki nyeupe juu ya ubao wa kijivu hata mimi mwenye macho yangu mazima nikisimama mlangoni nakisia. Yeye alikuwa amekalishwa safu ya nne, dirishani, "ili apate mwanga wa kutosha". Aliyemkalisha pale alikuwa na nia njema kabisa na alikuwa amemchagulia sehemu mbaya kuliko zote mle ndani.

Kitabu nacho kimoja wanasoma wanne. Wenzake wanakisoma kikiwa katikati ya dawati, yeye anakihitaji puani. Akikivuta watatu wanabaki hawana kitu wanaanza kusonyana, asipokivuta anabaki yeye. Kwa hiyo akajifunza kuwa mpole, anawaachia, anasikiliza wanavyosoma kwa sauti alafu anakariri. Nyumbani nikawa nashangaa mtoto anajua hadithi nzima kwa kichwa lakini nikimwonyesha neno moja katikati ya ukurasa analitafuta kwa kidole kama hajawahi kuliona.

Kilichonifungua akili ni matokeo. Majaribio ya kila wiki alikuwa anapata saba kwa hamsini, kumi na moja kwa hamsini, tunaambiwa uwezo wake mdogo mama, tumvumilie tu. Ukaja mtihani wa kata, ule unaochapwa kwenye karatasi kila mtoto anapewa yake, akapata thelathini na nane. Mwalimu akahisi kaibia. Mi nikamuuliza mwalimu, yale majaribio ya wiki maswali unayaweka wapi? Akasema ubaoni, sasa fotokopi za watoto mia hela iko wapi. Basi. Jibu lilikuwa hapo hapo, kila wiki walikuwa wanampima kuona kwa mbali wanaandika "Hisabati".

Lakini kabla mambo hayajabadilika kulikuwa na lile pendekezo, na najua kila mzazi mwenye mtoto kama huyu analijua. Mwalimu mmoja, mtu mzima, mstaarabu tu, aliniita pembeni. "Mama, huyu mngempeleka tu shule ya bweni ya Mitindo kule Misungwi, atakuwa na wenzake, na usalama upo." Nikamwambia Mwalimu, wenzake ni hawa anaocheza nao rede hapa. Akanyamaza, ila najua hakukubali.

Na simlaumu kwa sababu kuna historia pale na sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuwezi kujifanya hatuijui. Kuanzia kama 2006, 2007 hivi yale mauaji yalianza kuripotiwa, watu wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za utajiri, na serikali ikaanza kukusanya watoto na kuwapeleka kwenye shule za bweni ambazo tayari zilikuwa zinapokea watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine, zenye uzio na mlinzi: Mitindo hapa Misungwi, Buhangija kule Shinyanga, Kabanga kule Kasulu. Usiku wenyewe wazazi walikuwa wanabeba watoto wanawapeleka. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Hata Januari 2015 serikali ilipopiga marufuku waganga wasio na kibali hofu haikuisha, na dada yangu alikuwa mjamzito miaka hiyo hiyo. Uzio uliokoa maisha. Hilo nalisema kwanza.

La pili ni kwamba ule uliitwa mpango wa muda, na muda ukawa miaka. Watoto waliingia wadogo wakakulia mle ndani, wengine ndugu hawakurudi tena kuwaangalia, likizo ikifika mwenzako anafuatwa na baba ake we unabaki na matroni. Bweni likajaa kuliko vitanda. Na kwa kuwa walikuwa wamewekwa na wasioona, kwenye shule za namna hii mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kujikuta anafundishwa nukta nundu, yale maandishi ya wasioona ya kupapasa kwa vidole, na kinachotokea kila mwalimu wa elimu maalumu anakijua: mtoto anainamisha karatasi mpaka zile nundu zitoe kivuli alafu anazisoma kwa macho. Macho anayo! Alichohitaji ni maandishi makubwa na kiti cha mbele. Buhangija kwenye jina lake rasmi kuna neno Jumuishi, Shule ya Msingi Buhangija Jumuishi, na mi huwa najiuliza mtoto aliyeletwa pale kwa sababu kijijini kwao hapakaliki, amejumuishwa na nani.

Hapa naomba nisieleweke vibaya maana najua kuna wazazi wa watoto viziwi wanaosoma haya ninayoandika na wao wana hoja yao tofauti, na naiunga mkono. Mtoto kiziwi ukimtupa peke yake kwenye darasa la mia wanaosikia, na mwalimu hajui hata alama ya "maji" kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, huyo umemfungia kwenye chumba cha peke yake katikati ya watu. Lugha inataka watu wa kuongea nao. Ndo maana shule kama Buguruni Viziwi pale Dar, au ile ya Tabora iliyoanza mwaka 1963, zina maana yake na sitaki kusikia mtu anasema zifungwe ili tuonekane wa kisasa. Kiziwi anahitaji wenzake wengi wa lugha moja, wa kwangu anahitaji ubao uliopakwa rangi. Kuwaweka wote kwenye kapu moja la "wenye mahitaji maalumu" alafu kuuliza swali moja, aende maalumu au abaki jumuishi, ni uvivu tu.

Haya, tulifanyaje. Kwenye kata yetu kuna mwalimu wa shule nyingine aliyesoma Patandi, kile chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha. Nilipata namba yake kupitia grupu la watsap la vikoba, yani elimu maalumu nimeipata kwenye vikoba, ndo Tanzania hiyo. Akaja Jumamosi moja akakaa na binti uani chini ya mwembe, hakuja na mashine yoyote. Alikuwa na kitabu, akawa anarudi nyuma hatua moja moja anamwonyesha vidole, anamgeuza kuelekea mwanga, anamgeuza akiupa mwanga mgongo, anamwacha aweke kichwa anavyotaka. Alafu Jumatatu akaomba ruhusa akaenda kuongea na mwalimu wa darasa, mwalimu kwa mwalimu, sio mimi mzazi mkali kwenda kufoka pale. Nadhani hiyo ndo ilisaidia kuliko yote.

Mabadiliko yenyewe utacheka. Kiti cha mbele, katikati, mgongo au ubavu kwa dirisha, asiangaliane nalo. Ruhusa ya kusimama na kwenda mpaka ubaoni kabisa, asome, arudi aandike, bila mtu kumzomea, na hilo mwalimu alilitangaza darasani siku moja tu kwa sauti ya kiume na kelele zikaisha. Mwalimu akiandika anataja anachoandika, "nimeandika tatu jumlisha mabano nane", na cha ajabu watoto wa nyuma kule nao wakaanza kupata hesabu kwa sababu kumbe nao walikuwa hawaoni. Ubao ukasuguliwa na kupakwa upya, wazazi tulichanga, debe dogo la rangi nyeusi isiyong'aa. Wakati wa zoezi mwalimu anamwachia daftari lake la maandalizi ananakili kutoka pale. Kitabu amepewa chake peke yake, na hapo kulikuwa na mgogoro, mzazi mmoja alikuja kulalamika kwa nini mtoto wa mama fulani anapendelewa, mwalimu akamwambia wa kwako akianza kusoma kwa pua na yeye nitampa.

Vitabu vya Taasisi ya Elimu vinapatikana kwenye maktaba mtandao yao bure, hili wazazi wengi hawalijui. Mi napakua kwenye simu, sura moja moja, napeleka steshenari wananitolea kwenye karatasi ya A3, maandishi yanakuja makubwa kama mara moja na nusu hivi. Sio kitabu kizima jamani, ningefilisika, ni zile kurasa za wiki hiyo. Jioni anasoma kwenye tableti ya zamani ya mjomba ake yenye ufa, anavuta herufi kwa vidole mpaka neno moja linajaa kioo. Ana na kidarubini kidogo cha jicho moja alichopewa kliniki ya uoni hafifu, kidole gumba hivi ukubwa wake, mwanzoni hakutaka kukitumia shuleni anaona aibu, mpaka wenzake walipoanza kupanga foleni kukiazima waangalie ndege juu ya mwembe, sasa anakikodisha kwa pipi. Sijamkataza.

Kofia ndo ilikuwa vita ya kweli, eti sare ya shule haina kofia. Mstarini asubuhi jua limeshachomoza, nyimbo, matangazo, wachelewaji wachapwe kwanza, yeye amesimama kichwa wazi kwa sababu ya sare. Fagia uwanja, mwagilia miti, michezo ya saa nane mchana. Losheni ile nzuri ya kutengenezwa hapa hapa nchini, ya kule hospitali ya KCMC Moshi, ukiipata inafanya kazi, ila haifanyi kazi ya kivuli. Hapa niliandika barua, nikaambatanisha cheti cha daktari, nikataja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 bila hata kujua kifungu, na ikapita. Nimegundua neno "sheria" kwenye barua linafanya kazi hata usipotaja namba.

Maana kwenye makaratasi jamani sisi hatujambo. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lile la elimu kwa watoto wote kwenye shule za kawaida, serikali 92 zilikuwepo pale Hispania. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania tuliuridhia 2009, mwaka uliofuata tukatunga sheria, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi tumeutoa awamu baada ya awamu. Sina ugomvi na hayo yote, barua yangu ya kofia isingepita bila hayo. Ila sensa ya 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477, wacha wawe wamehesabiwa pungufu, bado ni watu ambao ukitaka kuwapa watoto wao wote kiti cha mbele huhitaji mfadhili. Mradi ukija unakuja na losheni, kofia, picha za kupiga na magari yenye nembo mlangoni, Juni 13 siku yao tunavaa tisheti tunaandamana. Nimeandamana sana tu. Sijawahi kuona mradi umekuja kupaka ubao.

Na anayetaka ushahidi kwamba wanaweza, upo. Abdallah Possi ni mtu mwenye ualbino, amesoma sheria mpaka udaktari, akafundisha chuo kikuu Dodoma, 2015 akawa naibu waziri kisha balozi wetu Ujerumani. Kenya kuna Jaji Mumbi Ngugi, yuko Mahakama ya Rufani. Hao wote walipita kwenye madarasa yenye ubao na chaki. Binti yangu nimemwonyesha picha ya jaji, akaivuta karibu akaiangalia kwa ule upande wake wa kushoto, akauliza, "mamdogo, huyu, wakili akimletea karatasi ina maandishi madogo anafanyaje?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia akiwa jaji yeye ndo anaamua karatasi ziwe na maandishi ya saizi gani.

Mwaka huu yuko darasa la nne, kuna upimaji wa kitaifa. Baraza la Mitihani lina utaratibu mzuri kwa hili na ni haki sio hisani: mtahiniwa mwenye uoni hafifu anatakiwa aletewe karatasi ya maandishi makubwa na aongezewe muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Tatizo ni kwamba baraza halimjui mtoto wako, linaijua orodha iliyotumwa na shule. Shule ikimsajili kama mtoto wa kawaida, siku ya mtihani bahasha inafunguliwa na karatasi ni ile ile ya wote, na hapo hata msimamizi akimwonea huruma vipi hana cha kumpa. Mwalimu mkuu wetu mwanzo alisema "ah mama, si anaona huyu". Nikamwomba atoke nje asimame umbali wa kutoka kwenye dawati mpaka ubaoni, avue miwani yake anisomee kalenda ukutani. Akacheka, akakaa, akavuta fomu.

Kama una mtoto wa namna hii darasa la nne au la saba, nenda shuleni kabla usajili haujafungwa, usiulize kama ameandikishwa, omba uoneshwe kwenye skrini au kwenye karatasi pale palipoandikwa uoni hafifu mbele ya jina lake.